Chupa Tatu za Shubaka la Tano

3 Februari

Kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Yeye anayetuamsha kila asubuhi hata siku ambazo hatukustahili. Huku tu wazima. Shemeji yako mgongo umemwachia, amerudi kwenye cherehani na anashona huku akiimba, kwa hiyo sasa wagonjwa ni majirani. Mpwa wako mkubwa amefaulu mtihani wa uuguzi. Mdogo naye amefaulu kurefuka, kila mwezi suruali zinapanda juu.

Sasa kaka, kama umesimama, kaa. Mimi ndiye mtunza ghala.

Ndiyo, ghala lile lile la chini, la klabu ile ile uliyoniingiza nikaoshe glasi. Mzee wa Ghala amestaafu, macho yamemwisha. Meneja alitaka kuleta mtu aliyesomea vinywaji chuoni, mwenye cheti chenye mhuri. Lakini Mwenyekiti, yule jaji mstaafu, akasema wamjaribu kwanza mwanamke aliyeosha glasi zao miaka kumi na tisa bila kuvunja hata moja. Nimevunja mbili, wewe unaijua moja. Nimepewa mpaka Septemba. Mwenyekiti atatimiza miaka sabini, na wale wapenzi wa poti watakaa mezani kufungua chupa za miaka mbalimbali na kuzilinganisha. Ya mwisho itatoka shubaka la tano, pale zilipolala chupa tatu za mwaka aliozaliwa, alizoziweka baba yake kwa mkono wake. Siku hiyo ikienda sawa, kazi ni yangu. Ikiharibika, narudi kwenye sinki.

Mdogo aliniuliza poti ni nini. Nikamwambia ni mvinyo wa zabibu uliotiwa pombe kali ukiwa bado mtamu, kisha ukafungiwa chupani ulale. Mvinyo mwingine ukizeeka unakuwa siki. Huu ukizeeka unapata adabu.

Kiapo chetu nakikumbuka. Siku uliyoacha pombe tulishikana mikono madhabahuni, wewe usinywe tena na mimi nisianze. Nimemuuliza mchungaji kama kunusa ni kunywa. Alicheka mpaka miwani ikamwanguka, akasema Mungu angetaka tusinuse angeiumba pua na kifuniko.

Wewe ulishika funguo hizi miaka sita chini ya Mzee, kisha ukaondoka ghafla bila kuniachia hata somo moja. Nifundishe sasa. Simu tunazo, lakini nataka maneno nitakayoweza kuyashika mkononi nikiwa kule chini.

Wako mdogo,
Pua


22 Februari

Pua, mdogo wangu,

Salamu nimezipokea na zangu zikufikie. Wifi yako anakusalimu. Ameanza kufuga kuku na kila kuku amempa cheo. Jana tumekula Katibu. Kazi ipo, nina milango kumi na miwili ya shule ya kumaliza kabla ya mvua.

Barua yako nimeisomea juu ya meza ya randa. Nilipofika pale pa mtunza ghala nilizima mashine nikasoma tena. Mama angekuwepo angepiga vigelegele mpaka kuku wenye vyeo wakimbie.

Haya, sikiliza. Chupa ya poti inalala ubavu, na ile alama ya chokaa nyeupe inakaa juu siku zote. Hiyo ndiyo inakuambia ililalaje, ili ukiisogeza uirudishe vile vile na mashapo yake yasivurugike. Siku mbili kabla ya kuifungua, isimamishe taratibu kama unavyomwinua mgonjwa kitandani. Kizibo cha miaka mingi usikivute, kitapukutika ndani. Tumia koleo lile refu lenye mdomo wa mviringo. Lipashe moto mpaka liwe jekundu, libane shingo ya chupa, sali Baba Yetu moja mpaka amina, litoe, weka kitambaa cha maji baridi. Shingo itakatika yenyewe, safi kama imepigwa msumeno. Kisha mimina kwenye jagi la kioo, mshumaa ukiwa nyuma ya bega la chupa. Ukiona uzi mweusi unasogea shingoni, simama hapo hapo, hata kama Mwenyekiti analia.

Shubaka la tano usiliguse. Usizisimamishe, usizifute vumbi. Siku yake ikifika itakuwa imefika.

Nimefurahi kwa ajili yako, Pua. Goti linanisumbua, naishia hapa.

Kaka yako


14 Aprili

Kaka yangu,

Amani ikae kibandani kwako pamoja na hayo maranda. Pole kwa goti, na pole kwa Katibu. Mkubwa ameanza kazi wodi ya wazee, anarudi nyumbani na hadithi nyingi kuliko alivyokuwa anarudi na madaftari. Shemeji yako amenishonea koti la kazini lenye mifuko miwili, mmoja wa mshumaa na mmoja wa kitabu cha nyimbo.

Jumamosi wapenzi wa poti walikaa kujinoa kwa ajili ya Septemba. Nilifungua chupa mbili kwa koleo, Baba Yetu moja moja, na shingo zote mbili zilikatika kama ulivyosema. Ile ya kwanza nilifika mpaka amina ya pili kwa woga. Chumba kile cha vitabu unakijua, meza ndefu, kitambaa cheupe ili rangi ionekane. Majagi hayakuwa na maandishi. Waliweka glasi mbili mbili wakaanza kuinamisha, kuzungusha, kunusa, kufumba macho. Ukiwaona utadhani ni maombi, kaka, ila hawa hawafungi.

Daktari wa meno akainua ya kulia, akasema, "Hii ndiyo kongwe. Miaka arobaini, haipungui."

Dereva wa treni mstaafu akamwambia, "Daktari, wewe hata jino la bandia ungelipa miaka arobaini."

"Basi sema wewe."

"Mimi nasema treni bado haijafika. Nipeni muda."

Mwenyekiti akageuka kwangu. Siku hizi wananiita Mama Kwaya. "Mama Kwaya, wewe unasemaje?"

"Mimi sinywi, Mheshimiwa."

"Sijakuambia unywe. Nauliza pua inasema nini."

Nikainusa ya kulia, nikainusa ya kushoto, nikarudia. Nikamwambia, ya kushoto ndiye mkubwa, ina harufu ya tini kavu na ngozi ya kiti cha zamani. Ya kulia bado ina tunda na pilipili manga, ni kijana aliyevaa koti la baba yake. Wakatazama daftari la ghala. Ya kushoto ilitoka shubaka la tatu, miaka arobaini na mmoja. Ya kulia ishirini na miwili. Dereva wa treni akapiga meza kwa kicheko. Daktari alikunywa tu. Meneja alikuwa mlangoni, akasema kubahatisha mara moja si elimu.

Kaka, hiyo ndiyo furaha. Sasa nikupe lingine.

Shubaka la tano nimeligusa, nisamehe. Meneja alitaka picha ya zile chupa tatu kwa ajili ya kadi za mwaliko, nikashuka na taa nimsogezee. Hazina karatasi wala maandishi, zina vumbi na alama za chokaa basi. Moja alama yake imeanza kushoto na mkia wa brashi umeishia kulia, kama chupa zote humu ghalani. Mbili mkia wake umeelekea upande wa pili.

Nilikaa kwenye ngazi. Nikakumbuka tulivyopaka chokaa nyumba ya mama, sisi wote kulia, wewe mashoto peke yako kushoto, na mama akasema ukuta wake umezaa mapacha wasiofanana.

Nikaweka mshumaa nyuma ya chupa. Ile moja mashapo yameshika ubavuni kama gome la mti. Zile mbili mashapo yana utando kama wa chai iliyopoa. Baba yake Mwenyekiti aliziweka zote siku moja. Zilipaswa kuzeeka pamoja.

Kaka, uliwahi kupiga chokaa kwenye shubaka la tano?

Pua


20 Juni

Kaka,

Mungu akulinde popote ulipokaa ukaamua kutonijibu. Sisi wazima. Mdogo ameshika namba tatu darasani, anataka mjomba wake ajue.

Barua ya Aprili najua imefika. Nilipopiga simu wifi alipokea, akasema umetoka, na nyuma yake nikasikia randa inaparuza mbao. Sikumwambia kitu. Wifi hajui kudanganya, sauti yake inapanda ngazi.

Kwa hiyo sikuulizi tena. Nakuambia tu nitakachofanya. Kabla koleo halijaguswa Septemba, nitamwambia Mwenyekiti kwamba chupa mbili kati ya zile tatu si zenyewe. Jina la mtu sitalitaja. Najua watakachosema. Funguo ziko kiunoni mwangu, na Meneja tayari ananihesabia hatua. Ningeweza kuifungua ile moja ya kweli nikanyamaza, na hakuna hata mmoja angejua mpaka tumekufa wote. Nimelijaribu wazo hilo wiki kadhaa, na kila Jumapili nikifika kwenye ubeti wa tatu sauti inakauka. Kiongozi wa kwaya ameniuliza kama nina mafua.

Nilikupenda ukiwa umelala kwenye mtaro na kiatu kimoja. Usidhani chupa mbili zitanishinda.

Pua


9 Agosti

Mdogo wangu,

Wifi yako mzima. Watoto wazima. Mwambie huyo wa namba tatu mjomba anamchongea kiti.

Barua hii nimeiandika mara sita, tano nimechemshia gundi.

Ni mimi. Mwaka ule mama alipolazwa nilikuwa nashuka ghalani asubuhi kabla Mzee hajafika, nakunywa mabaki ya majagi. Mabaki yalipokwisha nikatazama mashubaka. La tano lilikuwa halifunguliwi mpaka miaka kumi na sita ijayo, nikajiambia nani atajua. Nilikunywa ya kwanza Jumatatu, nimekaa ngazi ya tatu kutoka chini. Ya pili Alhamisi. Nikachukua poti changa mbili kwenye kreti, nikakwangua karatasi zake, nikazipaka majivu na vumbi, nikazilaza pale, nikapiga chokaa. Sikukumbuka kwamba mkono wangu una upande wake. Wiki iliyofuata niliacha kazi kabla sijaachishwa.

Pua, kuna kitu kinachoniuma kuliko wizi. Nilikunywa miaka hamsini na minne ya usingizi wa kitu kile kwenye bilauri ya plastiki, na sikusikia ladha. Hata kidogo. Ukiniuliza sasa hivi ilikuwaje, sijui. Ningekunywa spiriti ya kung'arishia mbao ingekuwa sawa.

Miaka kumi na mitatu nasimama kanisani kwetu kutoa ushuhuda wa jinsi Bwana alivyonitoa. Natoa wote, mtaro, kiatu, hospitali. Nikifika pale pa ghala naruka, kama mtu anayejua ubao mbovu uko wapi sakafuni kwake. Nilikuambia usiliguse shubaka kwa sababu hiyo. Nilitaka siku ifike, chupa ifunguliwe, wazee wale wasijue tofauti, na mimi nipone bila dawa. Sikufikiri kwamba aliyeshika funguo ana pua yako. Sikufikiri kwamba lawama itakuwa yako. Hapana, nilifikiri, nikaendelea kupiga randa.

Ndani ya bahasha kuna barua nyingine, imefungwa, jina la Mwenyekiti juu yake. Yote nimeyaandika humo. Mpe, au ukiona vema ichome, uamuzi wako siutilii neno. Kwenye basi la Ijumaa utapokea boksi. Ni kitanda cha chupa, nimekichonga kwa mninga, kina mwinamo wa kumiminia bila kutikisa. Kimepimwa kwa chupa ya shubaka la tano. Kipimo chake sijakisahau.

Kaka yako


29 Septemba

Kaka yangu,

Salamu zote utazisoma mwisho wa karatasi, leo zinipishe. Watu wazima wote, kuku wako wasalimie kwa vyeo vyao. Keti nikusimulie.

Jumamosi nilikwenda kabla ya wageni. Mwenyekiti alikuwa chumba cha vitabu peke yake, amevaa tai nyekundu aliyonunuliwa na wajukuu, anajaribu kuipenda. Nikampa barua yako. Aliisoma amesimama, akairudia amekaa.

"Umeisoma?"

"Sikuifungua, Mheshimiwa."

"Unajua kilichomo?"

"Najua."

"Ungeweza kuichoma."

"Ningeweza. Moto wa koleo uko hapo hapo."

Akaikunja barua akaiweka mfukoni. Wenzake walipokaa wote, akavaa miwani akawasomea barua yako kutoka juu mpaka chini, kwa sauti ile ya mahakamani. Sauti ya saa ya ukutani niliisikia hapo kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe. Alipomaliza, Meneja ndiye aliyetangulia. "Nilisema mimi. Tumempa kicheche funguo za banda, tena kicheche wa ukoo ule ule."

Dereva wa treni akamgeukia. "Kicheche gani anakuja mwenyewe kukuambia kuku wawili hawapo?"

"Na tutajuaje kwamba ni wawili?" Meneja akasema. "Tutajuaje kwamba hii moja ndiyo yenyewe? Kwa mkia wa brashi?"

Mwenyekiti akanitazama. "Mama Kwaya, fungua zote tatu."

Nikazifungua. Kitanda chako kilizibeba moja moja kama mtoto mchanga, na dereva wa treni akawa anakipapasa badala ya kunitazama. Jagi la kwanza na la pili yalijaa weusi wa zambarau. La tatu, kaka, lilikuwa na rangi ya chai kavu iliyopigwa na jua. Lakini rangi ingeninong'oneza, kwa hiyo daktari wa meno alinifunga macho kwa kitambaa cha meza, akafunga kwa nguvu kama anamlipiza kisasi mtu. Meneja akayapeleka majagi chumba cha pili, kulikokuwa na majagi mengine ya jioni ile, akamimine mwenyewe. Alirudi na glasi tano. Chupa tatu, glasi tano. Nilizihesabu kwa mlio zilipogusa meza. Akaniambia, "Haya, tuonyeshe," na nikajua kaniwekea mtego.

Niliomba kimya. Sikuomba nishinde. Niliomba nisiseme kitu nisichokinusa.

Ya kwanza ilinipiga puani, tunda la kupikwa na spiriti inayowasha. Ya pili ilinifanya nisimame wima. Ya tatu ikafanana na ya kwanza. Ya nne nikakaa nayo sana, maana nilikuwa naifahamu lakini si kutoka pale, kama mtu wa kanisani unapomkuta sokoni. Ya tano nikaishusha haraka, sikuhitaji kurudia.

Nikasema, "Mheshimiwa, glasi ya kwanza na ya tatu ni wale vijana wawili, hao ni wa kaka yangu. Ya pili na ya tano zimetoka chupa moja, na hiyo ndiyo ya baba yako. Ya nne haijatoka shubaka la tano kabisa. Ni ya shubaka la tatu, ndugu ya ile tuliyofungua Aprili."

Hawakucheka. Mwenyekiti akasema, "Meneja?"

Nikasikia karatasi ikikunjuliwa. Nikasikia Meneja anakohoa. "Ni hivyo hivyo," akasema. "Zote tano."

Kaka, dereva wa treni alipiga mluzi wa garimoshi hasa, vidole viwili mdomoni, pale kwenye chumba cha vitabu ambako ukikohoa unatazamwa vibaya. Daktari wa meno akanifungua kitambaa mwenyewe, akasema, "Mama Kwaya, mwezi wa nne nilikunywa kwa hasira. Leo nitakunywa kwa heshima." Na Meneja, nimpe haki yake, alikwenda akaleta kiti. Si kile cha mhudumu cha ukutani. Kiti cha mezani chenye mikono, akakiweka kushoto kwa Mwenyekiti.

Wakaanza kulinganisha. Jagi lao linazunguka kwa kushoto tu, halirudi nyuma, ndiyo meza pekee niliyoiona inayokuheshimu wewe mashoto. Waliionja ya shubaka la tatu wakaisifu, wakawaonja vijana wako wakasema si wabaya, miaka kumi na sita ya jela imewatengeneza. Kisha ya baba yake. Mwenyekiti aliishika mdomoni muda mrefu akiwa amefumba macho. Alipomeza akasema, "Baba alikuwa na subira kuliko nilivyomjua." Akavua ile tai.

Jagi likanifikia. Akanimiminia kidogo mwenyewe, akasema, "Ya kunusa."

Ndipo akatoa hukumu yako. Naiandika kama alivyoitamka.

"Wizi namsamehe, nao umezeeka na mwenyewe amekuja nao mkononi. Kunywa kitu kama hiki bila kukionja, hilo silifumbii macho. Shubaka la tano halina mlango. Aje auchonge yeye, kwa mninga ule ule. Na wewe mtunza ghala, mwandikie alichokunywa. Asiondoke duniani bila kujua."

Mtunza ghala. Mbele ya wote, na Meneja akaandika kwenye daftari.

Basi ninatekeleza. Sikukionja, kiapo kiko pale pale. Ninakuandikia kwa pua.

Kwanza kaka, hainukii pombe. Hiyo imekwisha kulala zamani. Inaanza na ganda la chungwa lililokaushwa juu ya jiko. Halafu inafunguka, unasikia sanduku la mama, siku ile tulipolifungua baada ya mazishi, ile khanga ya juu na karafuu alizofunga kwenye pindo. Chini yake kuna kitabu cha nyimbo kilichoshikwa na mikono mingi. Ukisubiri, usiondoe pua, inakuja asali iliyokaribia kuungua. Na mwisho kabisa, nilidhani nakosea nikarudia mara tatu, kuna maranda. Mbao mbichi chini ya randa, kama ulivyokuwa unanukia ukirudi kwa fundi wako, ulipokuwa na miaka kumi na sita na bado hujanywa chochote.

Hicho ndicho ulichokunywa. Sasa umekionja.

Salamu kwa wifi na watoto. Shemeji yako anasema ukija utakuta suruali mpya.

Mdogo wako,
Mtunza Ghala


15 Oktoba

Pua,

Bwana ametenda, na wewe ulimshikia taa.

Ile sehemu ya harufu nimemsomea wifi yako kibandani. Alichukua karatasi akainusa. Akasema haina kitu. Nikamwambia ndiyo maana wewe hujapewa funguo. Amecheka, kisha akalia, kisha akachinja Mwenyekiti wake wa kuku kwa ajili ya chakula cha jioni, akasema kwa siku kama ya leo Katibu asingetosha.

Jumapili nilisimama kutoa ushuhuda. Safari hii sikuruka kitu. Nilipofika kwenye ngazi ya tatu kutoka chini kanisa lilikuwa kimya, nikadhani wamenichoka. Kumbe mzee wa kiti cha mbele alikuwa anatafuta kitambaa, na baadaye aliniomba tukae, ana lake la miaka ishirini na sita.

Mninga nimeshaununua, umekauka vizuri. Nilitaka kukuomba upime upana wa shubaka uniandikie. Usipime. Nakuja Jumanne na futi yangu.

Kaka yako